Kususia Mbali, Kupunja Karibu

*TAFAKURI YA RAMADHANI: SIKU YA 12*

Ndugu zangu wa Karatu mjini, Mang'ola, Rhotia, Mbulumbulu, Oldeani, Endabash na popote pale ujumbe huu unapokukuta. Leo ni ndefu kidogo. Isome baada ya futari ukiwa umetulia, au iweke ya daku.

Tangu vita vya Gaza vilipopamba moto Oktoba 2023, kila Ramadhani ikikaribia simu zetu zinajaa orodha. Soda hii usinunue. Sabuni ile achana nayo. Tende geuza boksi usome zimetoka wapi, maana zipo zinazolimwa na walowezi katika Bonde la Jordan, kwenye ardhi ya watu. Orodha zinatumwa, zinatumwa tena, halafu mtu anauliza kwenye kundi: "Jamani, hivi mimi nikiacha soda moja hapa Karatu, tajiri wa ng'ambo atajua? Atapungukiwa nini?"

Ni swali zuri, tusilizomee. Wengine hulicheka, wengine humjibu muulizaji kwa ukali kana kwamba ametoka kwenye dini. Lakini aliyeuliza ameuliza jambo la msingi: *matumizi ya mtu mdogo yana uzito gani mbele ya dhulma kubwa?* Leo tulijibu taratibu. Na tukishalijibu, kuna swali la pili limejificha nyuma yake, na hilo ndilo linalotugusa zaidi sisi watu wa wilaya hii.

*Saumu yenyewe ni kususia*

Anza na hiki tunachokifanya sasa hivi. Maji ni halali. Ugali ni halali. Chai ya maziwa ni halali. Lakini tangu alfajiri umeviacha, wala hakuna askari anayekulinda. Ukiingia chumbani ukanywa, nani atajua? Umeacha kwa sababu Yupo unayemtii.

Basi anayeweza kuacha maji ya halali kwa saa kumi na tatu hawezi kusema hana nguvu ya kuacha soda. Nguvu anayo. Mwezi huu unamfundisha kwamba tamaa yake inaamrika, kwamba kununua si kama kupumua. Unaweza kusimama mbele ya kitu, pesa mfukoni, na ukasema hapana.

Halafu kuna msingi mwingine. Katika Sura ya al-Maida, aya ya 2, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tusaidiane katika wema na ucha Mungu, na ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Pesa ni msaada. Ukiitoa umemsaidia mtu kufanya jambo. Kwa hiyo swali la kwanza la anayesusia si "nitamwangusha?" Swali lake la kwanza ni "mkono wangu umo?" Hata asipoanguka leo, wewe umetoa mkono wako.

Mnaijua hadithi ya mche wa mtende: Mtume (s.a.w.) alituelekeza kwamba Kiyama kikimkuta mtu na mche mkononi, na anaweza kuupanda kabla hakijasimama, basi aupande. Nani atakula tende za mti huo? Hakuna. Lakini kupanda ni kazi yake, na matunda si kazi yake. Aliyeuliza kuhusu soda ajibiwe hivyo.

*Lakini pia huwa inafanya kazi*

Tusiishie hapo, maana mtu anaweza kudhani kususia ni ibada ya moyoni tu isiyobadilisha kitu duniani. Historia yetu wenyewe inasema vingine.

Tarehe 26 Juni 1959, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa London, katika ukumbi wa Holborn. Tanganyika bado ilikuwa chini ya Waingereza. Uhuru ulikuja Desemba 1961. Akasimama kwenye mkutano uliozindua kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Hakuwaomba Waingereza fedha wala bunduki. Ombi lake lilikuwa dogo, linaloweza kutekelezwa na mama yeyote mwenye kikapu: waache kuusaidia ubaguzi kwa kuacha kununua matunda na bidhaa za makaburu.

Fikiria walivyochekwa. Chungwa moja sokoni London litamfanya nini Verwoerd? Na kweli, mwaka uliofuata, tarehe 21 Machi 1960, polisi waliua watu 69 Sharpeville. Kususia hakukuzuia risasi zile. Lakini kampeni haikufa. Tarehe 19 Julai 1984, huko Dublin, Ireland, msichana mmoja wa kaunta katika duka la Dunnes, Mary Manning, akifuata agizo la chama chake cha wafanyakazi, alikataa kumpigia mteja hesabu ya mabalungi mawili ya Afrika Kusini. Akasimamishwa kazi. Wenzake wakatoka naye nje. Mgomo wao ulikwenda karibu miaka 3 kwenye baridi na mvua, na mwaka 1987 serikali ya Ireland ikapiga marufuku matunda na mboga kutoka Afrika Kusini. Tarehe 27 Aprili 1994 Waafrika wa Afrika Kusini wakapiga kura.

Kuanzia Holborn hadi sanduku la kura ni miaka 35, ndugu zangu. Kususia hakukufanya kazi peke yake: walikuwapo waliofungwa, waliopigana, waliouawa, na nchi kama yetu iliyowapa wakimbizi wao ardhi pale Mazimbu, Morogoro. Lakini ule mkono wa mnunuzi ulikuwemo. Kwa hiyo wito wa Wapalestina wa mwaka 2005, wa kuutaka ulimwengu ususie mpaka haki zao zitambuliwe, haukutoka hewani. Ulijifunza kutoka njia ambayo Mtanganyika alisimama mwanzoni mwake.

Na karibu zaidi na jiko letu kuna karafuu. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Zanzibar ilikipa chama cha wakulima wa karafuu, kilichokuwa chini ya mkono wake, ukiritimba juu ya biashara hiyo. Wafanyabiashara wa Kihindi visiwani waliona wametupwa nje, wakasusia. Chama cha Congress kule India kikawaita watu wake waache karafuu za Zanzibar, na India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Yaani watu wa Bombay wakaacha kiungo kwenye pilau, na mwaka 1938 serikali ikakaa mezani, makubaliano yakapatikana.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: acha, na niya yako iwe safi. Huenda kikazaa matunda, na hata kisipozaa mkono wako haumo.

*Mpaka wa kususia*

Sasa tuwe waangalifu, maana silaha ikifika mkononi inataka adabu.

Mwaka huohuo wa 1959, jirani zetu wa Buganda nao walikuwa wakisusia. Chama cha Uganda National Movement, Augustine Kamya akiwa miongoni mwa viongozi wake, kiliwataka watu wasinunue kwenye maduka ya wasio Waafrika. Malalamiko hayakuwa ya uongo: biashara ilikuwa mikononi mwa wachache, na mkulima mweusi alikuwa akiuza kwa bei asiyoipanga. Lakini angalia ilikofika. Waliokutwa wakinunua walitishwa na kupigwa. Maduka yakachomwa moto. Serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku chama, na wenye maduka wengi wakahama vijijini kwa hofu.

Mwaka mmoja, watu wawili wanasema "msinunue." London mlengwa alikuwa mfumo wa dhulma, na mnunuzi aliombwa. Buganda mlengwa akawa mtu kwa sababu ya asili yake, na mnunuzi akalazimishwa kwa fimbo. Neno ni lile lile, lakini hayo ni mambo mawili mbalimbali mbele ya Mwenyezi Mungu.

Na sisi tunaye kiongozi katika hili kabla ya London na Kampala. Thumama bin Uthal (r.a.) alikuwa mkuu wa Yamama, nchi ya nafaka. Alipotekwa na kuletwa Madina alifungwa kwenye nguzo ya msikiti, Mtume (s.a.w.) akamwachia huru bila fidia, naye akasilimu. Akaenda Makka kufanya umra. Makuraishi walipomkejeli, akaapa kwamba haitawafikia hata punje ya ngano kutoka Yamama mpaka Mtume aruhusu. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Wapokezi wa sira wanaendelea kusimulia kwamba njaa iliwauma Makuraishi hadi wakamwandikia Mtume wakimkumbusha undugu, naye akamwandikia Thumama awaachie chakula chao.

Hapo tutulie. Huyu ni nani anayesema waachiwe? Ni yule yule ambaye Makuraishi walimwekea yeye na ukoo wake karatasi ndani ya Al-Kaaba: wasiuziwe, wasinunuliwe, wasiozwe. Miaka mitatu hivi katika bonde la Abu Talib, mpaka wakala majani ya miti, na sauti za watoto wanaolia njaa zikasikika nje ya bonde. Alisusiwa mpaka tumbo likashikana na mgongo. Siku alipopewa silaha ile ile, na ikiwa imeshafanya kazi, aliirudisha alani ilipofika kwenye chakula cha watu wa kawaida.

Tuchukue adabu mbili hapo. Ya kwanza, tunamsusia dhalimu kwa dhulma yake, na mtu wa kawaida hatumgusi kwenye kula yake. Ya pili inahusu mtaani kwetu: yule mama mwenye genge aliyepanga kreti la soda kwa mkopo wa kikoba si adui. Usimtukane, usimpige picha ukaitupia kwenye kundi. Kama hutaki soda yake, nunua nyanya zake. Na mji wetu huu ni wa Wairaqw, Wamang'ati, Wachagga, Wapare, Waislamu, Wakatoliki na Walutheri, wote wakila sahani moja ya soko. Asije mtu akatumia jina la Palestina kumsusia jirani kwa dini yake. Hiyo ni Buganda.

*Sasa swali la pili*

Nilisema kuna swali lililojificha. Ni hili: *nikishasusia cha mbali, ninanunuaje cha karibu?*

Fungua Sura ya 83, al-Mutaffifin. Sisi hupenda kumsomea muuza duka sura hii. Muuza sukari anayebana mizani, muuza maharage mwenye sado lililobonyezwa kitako, tunasema "wailun" ni yake. Sawa, ni yake. Lakini soma mpangilio wa aya. Mwenyezi Mungu anapowaeleza hawa wapunjaji, wa kwanza kutajwa si anayeuza. Anaanza na yule ambaye akipimiwa na watu anadai kijae hasa. Ndipo anakuja yule ambaye akiwapimia wengine hupunguza. Yaani lawama yenyewe imekaa hapo: kipimo cha kuchukua ni kingine, na kipimo cha kutoa ni kingine. Na anayechukua, ndugu yangu, ndiye mnunuzi. Ni mimi na wewe wenye vikapu.

Nabii Shuaib (a.s.), tunavyosoma katika Sura ya Hud, alitumwa kwa watu wa Madyan, na baada tu ya kuwaita kwenye tauhidi aliwaambia kuhusu vipimo na mizani, na kwamba wasiwapunguzie watu vitu vyao. Mtume mzima wa Mungu anazungumzia mizani ya soko. Kwa hiyo tusione leo nikizungumzia gunia la vitunguu mkadhani nimetoka kwenye dini.

*Gunia la Mang'ola*

Tunajua kitunguu chetu. Bonde la Ziwa Eyasi, joto, vumbi, na chemchemi ambazo mifereji yake ndiyo uhai wa mashamba ya Mang'ola na Baray. Kitunguu cha Mang'ola kinajulikana Arusha, kinajulikana Nairobi. Mkulima amekodi shamba, amenunua mbegu, mbolea na dawa, amesubiri zamu ya maji usiku, amelipa vibarua wa kupandikiza, wa kupalilia, wa kung'oa na wa kukata. Kitunguu kiko chini juani. Kikikaa kinaharibika. Madeni yanamsubiri nyumbani.

Hapo ndipo lori linaingia, na dalali na magunia. Bei inatajwa kwa gunia. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, likishajaa halifungwi. Linaongezewa kilemba: vitunguu vinapangwa juu, wavu na kamba vinashonewa, kinapanda kama mlima. Hiyo ndiyo *lumbesa*. Bei bado ni ya gunia moja.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Chukulia gunia lilitakiwa kuwa kilo 100 na lumbesa imelifikisha 130. Kwenye magunia kumi mkulima ametoa kilo 300 ambazo hazikulipiwa. Ni magunia matatu kamili yamepanda lori bure. Kisha mzigo ukifika mjini, unauzwa kwa kilo au kwa fungu. Kule kila kitunguu kina bei yake. Kilinunuliwa kwa macho, kikauzwa kwa mizani. Hebu rudi uisome sura ya 83 ukiwa na picha hiyo kichwani.

Serikali imeshasema. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, Wakala wa Vipimo wapo, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na lumbesa ni kosa. Matangazo yamefanyika, watu wamekamatwa, faini zimetozwa. Lakini kila msimu kilemba kinarudi. Kwa nini? Kwa sababu mkulima mmoja akikataa, lori linakwenda shamba la jirani. Na lori linakwenda huko kwa sababu sisi wa mwisho wa safari, tunaonunua gunia zima, tunauliza swali moja tu: "Lumbesa bei gani?" Tukisikia gunia lina kilemba, tunafurahi. Tunasema tumepata.

Tumepata kwa nani?

*Futari ya vitunguu vya mtu*

Hapa ndipo moyo unatakiwa utikisike kidogo, kwa sababu ni Ramadhani, na Ramadhani ndio wakati tunaponunua kwa magunia. Kamati za misikiti zinaandaa futari za pamoja. Wafadhili wanatoa vifurushi: mchele, unga, sukari, mafuta, vitunguu. Madrasa na shule zinapika. Familia kubwa zinaweka stoo. Yote ni kheri, Mwenyezi Mungu awalipe.

Lakini tujiulize. Tukinunua magunia kumi ya lumbesa kwa ajili ya futari, zile kilo 300 za juu nani amezitoa sadaka? Tumemwandikia mfadhili thawabu, tumempiga picha, tumemwombea dua. Aliyetoa kwa kweli ni mkulima wa Mang'ola, ambaye hakuulizwa, hakuridhia, na pengine usiku huu anafuturu kwa uji mtupu. Mwenyezi Mungu ni mzuri wala hakubali ila kilicho kizuri. Hilo tumefundishwa tangu madrasa.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba asiyeacha maneno ya uongo na kuyatenda, Mwenyezi Mungu hana haja ya yeye kuacha chakula chake na kinywaji chake. Basi lipime na hili: anayeacha soda ya tajiri wa ng'ambo kwa ajili ya haki, kisha jioni anashangilia kilemba cha lumbesa, ameacha nini hasa? Soda haikumgharimu kitu. Chupa ya maji ipo, tena bei rahisi. Haki ya karibu ingemgharimu, maana angelipa zaidi. Na ndiyo maana tunaipenda haki ya mbali.

Sisemi tuache ya mbali. Aliyeko Gaza ana haki juu yetu, na umbali hauifuti. Ninachosema ni kwamba mkono ni mmoja. Mkono unaosusia ndio huo huo unaonunua, na mizani yake inatakiwa iwe moja.

*Hoja tatu za sokoni*

*"Ustadhi, mimi ni maskini, natafuta cha bei rahisi."* Nakusikia. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Mama anayenunua fungu la vitunguu la kupikia watoto wake si mpunjaji, naye ni miongoni mwa wanaopunjwa. Maneno haya yanamwelekea zaidi mwenye uwezo wa kuchagua: anayenunua gunia, anayenunua mia, anayeagiza kwa niaba ya taasisi. Kadiri kikapu kinavyokua ndivyo hesabu yake inavyokua.

*"Nikikataa mimi, atachukua mwingine."* Ndiyo maneno waliyoambiwa wa Dublin juu ya balungi. Na ndiyo hoja ile ile ya soda tuliyoijibu mwanzo. Haiwezekani tuikatae ikitumika kuhusu Gaza, kisha tuikubali ikitumika kuhusu Mang'ola.

*"Hiyo kazi ni ya Serikali."* Ni ya Serikali, na tuidai. Lakini sheria ni kama ukuta. Watu wote wakiwa upande mmoja wanausukuma, utaanguka. Lumbesa inaishi kwa sababu ina mnunuzi. Ikikosa mnunuzi, hakuna afisa atakayehitajika kuikamata njiani.

Na kuna ndugu zetu wengi humu mnaofanya kazi kwenye majiko na stoo za hoteli, loji na kambi za watalii, hapa Karatu na kule kreta. Ninyi mnaandika oda za mboga, viazi, mayai na vitunguu. Kalamu hiyo ni amana. Mgeni anayelala hapo hajui kitunguu kimepimwaje, wewe unajua. Ukiandika "kwa kilo, kwa mizani", umefanya kubwa kuliko kutuma orodha mia kwenye makundi. Na mkulima au mama wa mboga anayekuletea, mlipe mapema. Tumefundishwa kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Anayeleta mboga akazungushwa miezi kwa ajili ya malipo, jasho lake limekauka mara ngapi?

*Tufanye nini wiki hii?*

Nimeandika machache, yanayowezekana kabla ya kumi la mwisho.

1. Kamati yoyote ya futari inayosoma ujumbe huu: nunueni kwa mizani. Muuzaji akiwa na lumbesa tu, ipimeni mbele yake, na kinachozidi kilo 100 mkilipie kwa bei ya kilo. Mkiweza kumfikia mkulima mwenyewe, bora zaidi, ile fedha ya juu ifike kwake.

2. Wafadhili: mkileta pesa, ulizeni swali moja tu, "Mmenunuaje?" Swali hilo likiulizwa na mwenye pesa lina nguvu kuliko hotuba.

3. Wenye vikapu vidogo: usimkandamize mama wa soko kwa shilingi mia wakati dukani kwenye vioo unalipa bei iliyobandikwa bila kufungua mdomo. Mtume (s.a.w.) alimwombea rehema mtu anayekuwa mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai haki yake. Amemtaja anayenunua pia.

4. Wenye sado na mizani: fimbo hii ina ncha mbili. Bonyeza kitako cha sado mpaka kitoke, kirudi kilivyotengenezwa.

5. Orodha za kususia: endelea nazo, kwa elimu. Hakikisha kabla ya kutuma, maana kumzushia mtu au kampuni jambo ambalo hajafanya nayo ni dhulma. Na ukituma, usihukumu.

Tusitegemee kwamba lumbesa itaisha Ramadhani hii. Ubaguzi wa Afrika Kusini ulichukua miaka 35 tangu siku ile ya Holborn. Lakini futari ya msikiti mmoja inaweza kuwa safi jioni ya kesho, na mkulima mmoja anaweza kuhesabiwa kilo zake zote.

Ewe Mola wetu, zikubali saumu zetu na visimamo vyetu. Wape ahueni wanaodhulumiwa Palestina, Sudan, Kongo na kila pahala. Tuepushe na kuwa miongoni mwa wanaochukua kwa kipimo kilichojaa na kutoa kwa kilichopungua. Wabarikie wakulima wa Mang'ola na wilaya yetu yote katika maji yao, mashamba yao na bei zao. Zifanye futari zetu ziwe za halali kutoka shambani mpaka mdomoni. Aamin.

Ukiona lina manufaa, mfikishie mjumbe wa kamati ya futari ya msikiti wako kabla hajaenda sokoni.

Wabillahi tawfiq. Saumu maqbul.